Biashara na Siasa Si Masomo ya Waliobaki

Barua ya wazi kwa walimu wakuu na wanabodi wa shule za upili, Kaunti za Migori na Homa Bay

Walimu wenzangu, pamoja na wazee na akina mama wa bodi,

Kila tarehe 1 Aprili uvuvi wa omena katika upande wetu wa Ziwa Viktoria hufungwa, na haufunguliwi mpaka 31 Julai ipite, ili samaki wapate kuzaana. Muhula wa pili nao huanza mwishoni mwa Aprili au mapema Mei, ukaisha Julai ikimalizika au Agosti ikichungulia. Kwa hiyo karibu muhula mzima unaangukia katika miezi ambayo mama wa Sori, Muhuru Bay au Mbita hana omena ya kuanika. Mwongozo wa wizara unataka mzazi alipe karo ya bweni asilimia 50 muhula wa kwanza, 30 wa pili na 20 wa tatu. Hiyo 30 ndiyo inayowarudisha watoto nyumbani Mei na Juni, na hakuna anayelijua hilo kuliko wahasibu wa shule zenu.

Nauliza: ni mwanafunzi gani wa Biashara katika shule zenu amewahi kupewa kalenda hizo mbili, ya ziwa na ya shule, akaambiwa azilaze sambamba juu ya dawati, akadirie mapato ya nyumba moja ya wavuvi mwezi baada ya mwezi, kisha aiandikie bodi pendekezo la namna bora ya kugawa karo? Ndani ya swali hilo mna ugavi na mahitaji, akiba na mkopo, sera ya serikali na gharama yake kwa mtu wa chini. Sijalikuta katika karatasi yoyote ya mtihani, nami nimesahihisha nyingi.

Nawaandikia nyinyi, wala si waziri, kwa sababu mmekabidhiwa uamuzi ambao waliowatangulia hawakuwa nao. Januari 2026 Gredi ya 10 ya kwanza imeingia sekondari pevu. Mwanafunzi anasoma Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara, Hisabati na huduma kwa jamii, kisha anachagua masomo matatu ya mkondo wake: STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), Sayansi ya Jamii, au Sanaa na Michezo. Lengo lililotangazwa ni asilimia 60 ya wanafunzi waende STEM, 25 Sayansi ya Jamii na 15 Sanaa na Michezo. Wizara imechora mistari, lakini shule ndiyo inayosema ina walimu gani na inaweza kufundisha mchanganyiko upi, na mwalimu mkuu ndiye anayemkalisha mzazi ofisini na kumshauri. Hapo ndipo jambo linapoharibikia.

Nilikaa katika mkutano wa wazazi wa shule moja ambayo sitaitaja. Tulielezwa kwamba wenye vichwa wataelekezwa STEM, “na hao wengine hawatakosa pa kwenda.” Wazazi wakapiga makofi. Hapo pa kwenda palipokosa jina ndipo panapofundishwa Biashara, Historia na Uraia, Jiografia. Masomo yanayoeleza kwa nini mkulima wa miwa Awendo hulipwa kwa kuchelewa, nani aliamua barabara ya Nyatike ingoje, na sheria inampa mwananchi haki gani mbele ya bajeti ya kaunti, yote yamegeuzwa chumba cha kuwahifadhi walioshindwa na Fizikia.

Sina ugomvi na sayansi. Hospitali zetu zinahitaji watu wa maabara, na injini za mashua hazijitengenezi. Lakini semeni kweli: katika shule ngapi za kaunti ndogo STEM ni jina tu lililobandikwa kwenye mlango wa chumba chenye meza mbili na mfereji usiotoa maji? Mtoto anapelekwa huko kwa sababu asilimia 60 imetamkwa Nairobi. Anatoka baada ya miaka mitatu bila Kemia ya kumfikisha chuoni na bila kujua kusoma leja. Wakati huohuo vijana waliohitimu kufundisha Biashara na Historia wako mitaani wakiisubiri tume ya walimu, TSC, iwaajiri.

Wazee miongoni mwenu mnakumbuka Kidato cha Tano na cha Sita, kabla mtihani wa KACE haujafanywa kwa mara ya mwisho mwaka 1989. Uchumi ulikuwa somo kamili, lenye mwalimu wake na heshima yake. Ulipokuja mfumo wa 8-4-4, Uchumi, Biashara na Uhasibu yalibaki masomo ya pekee kwa miaka kadhaa, kisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 yakakunjwa kuwa somo moja. Sekondari msingi ilipoanza mwaka 2023, somo la Biashara lilikuwamo kwa jina lake. Haukupita muda masomo yakapunguzwa, nalo likamezwa ndani ya somo la maandalizi ya ufundi. Kila mageuzi yanapopita, Uchumi unapungua kipande. Kijana wa Isebania akivuka mpaka akaingia Sirari, Tanzania, halafu akafika Tarime, atawakuta wenzake wa Kidato cha Tano wakiulizana tahasusi: wewe ni HGE au ECA? Yaani Historia, Jiografia na Uchumi, au Uchumi, Biashara na Uhasibu. Uganda nako Uchumi haujaondolewa katika masomo ya ngazi hiyo. Sisi tuliokuwa tukijisifu kwa biashara ndio tuliobaki bila somo lenye jina la Uchumi.

Mfano mkubwa kuliko yote uko Homa Bay, na ndio unaoniuma zaidi kwa kutofundishwa.

Mwaka 1965 serikali changa ya Kenya ilitoa Waraka wa Bunge Nambari 10, kuhusu Ujamaa wa Kiafrika na jinsi utakavyotumika kupanga maendeleo. Wizara iliyousimamia ni ya Mipango ya Uchumi na Maendeleo, na waziri wake alikuwa Tom Mboya, mtu wa Rusinga kwa ukoo, aliyezikwa Rusinga. Julai mwaka huohuo jarida la East Africa Journal likachapisha makala ya mchumi kijana aliyeuchambua Waraka ule bila kumwonea haya mtu. Jina lake Barack Obama, mzaliwa wa Kanyadhiang karibu na Kendu Bay, baba wa yule aliyekuja kuwa rais wa Marekani. Kendu Bay na Rusinga zote ziko katika kaunti moja ya leo. Watu wawili wa pwani hiyohiyo ya ziwa walitofautiana hadharani kuhusu namna nchi maskini itakavyotafuta mali na namna itakavyoigawa, na sisi wenye watu hao tumewaachia wanafunzi wa vyuo vya ng'ambo kuusoma ubishi huo.

Waraka ulikuwa na hoja yenye nguvu. Fedha za maendeleo ni chache, kwa hiyo zipelekwe kwanza mahali zitakapozaa haraka: penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme. Mali ikishaongezeka, itafika kwingine. Mtu anayesimamia mfuko mdogo ataelewa mara moja kwa nini hoja hiyo ilivutia. Obama naye alihoji: huo ujamaa mnaoutaja ni upi hasa, mbona haujafafanuliwa? Kwa nini ardhi ikatwe vipande na kumilikishwa mtu mmoja mmoja, badala ya kuendelezwa kwa ushirika wa koo? Kwa nini mwenye nacho asitozwe kodi zaidi? Na mbona biashara kubwa zimebaki mikononi mwa wageni katika nchi iliyojitawala?

Hebu fikirini somo hilo katika darasa la Orero, Agoro Sare, Asumbi au Mbita. Nusu ya darasa itetee Waraka, nusu iupinge. Kisha mwalimu awageuze, waliotetea wapinge. Baada ya hapo wafungue Katiba ya 2010. Kifungu cha 203 kinasema serikali za kaunti zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, kwa kufuata hesabu za mwisho zilizokaguliwa. Kifungu cha 204 kinaanzisha hazina ya kusawazisha, asilimia 0.5 ya mapato, kwa maeneo yaliyoachwa nyuma. Ni miaka 45 kutoka Waraka hadi Katiba. Je, Katiba ni jibu kwa Mboya? Ni ushindi wa Obama? Au wote wawili wangeikosoa? Mimi naona Waraka ulijidanganya kuhusu kufika kwingine, kwa sababu aliyetangulizwa hakuwa na sababu ya kumngoja aliyebaki. Lakini mwanafunzi akinipinga kwa hesabu, nitampa alama zote.

Na maisha ya Mboya yenyewe ni somo la elimu hii ninayoiombea. Alisoma Mang'u akaondoka kabla ya kumaliza, kwa kukosa karo. Siasa na uchumi alivipata katika vyama vya wafanyakazi, kisha mwaka 1955 akaenda Ruskin College, Oxford, chuo kilichoanzishwa kwa ajili ya wafanyakazi wasiokuwa na vyeti vya kuingilia chuo kikuu. Alipata pale mwaka mmoja tu. Miaka minne baadaye alikuwa akipanga safari za ndege za kuwapeleka vijana wa Kenya kusoma Marekani. Wanafunzi wetu wanaijua tarehe 5 Julai 1969 aliyouawa Nairobi. Kila mwaka wanaiandika kwenye mtihani. Alichokiandika hawakijui. Hapo Homa Bay mjini kuna chuo kikuu chenye jina lake. Je, ni vigumu kuomba maktaba yake itoe nakala za Waraka na za makala ya Obama kwa shule za jirani?

Migori nako hakukosi vitabu visivyo na jalada. Kiwanda cha sukari cha Sony kilianzishwa Awendo mwaka 1976, kikaanza kusaga miwa mwaka 1979. Mei 2025 serikali ilikikodisha kwa mwekezaji binafsi kwa miaka 30. Mwanafunzi wa Gredi ya 10 mwenye miaka 15 leo atakuwa na miaka 44 mkataba huo ukiisha; sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi itapita ndani yake. Kuna haja gani ya kumfundisha tofauti ya kuuza na kukodisha kwa mfano wa kiwanda cha kubuni kilichoko katika mji wa kubuni? Mpeni hiki. Mali ya kiwanda bado ni ya nani? Madeni ya zamani ya mkulima na ya mfanyakazi yanabebwa na nani? Mwekezaji ana sababu gani ya kupanda miwa mipya mwaka wa 28? Hilo la mwisho ni swali ambalo hata wabunge wangepaswa kulifanyia mtihani.

Dhahabu. Mgodi wa Macalder, Nyatike, ulifungwa mwaka 1966, lakini uchimbaji haukufungwa. Ulihamia mikononi mwa wachimbaji wadogo wanaosaga mawe na kukamata dhahabu kwa zebaki, mikono mitupu. Walimu wa Nyatike na Suna mnajua ni wavulana wangapi hupotea darasani mvua ikikatika. Mnawakemea kwa maadili, nao wanawajibu kwa hesabu: jana nimepata pesa, wewe mwalimu umepata nini? Basi wajibuni kwa hesabu. Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha hivi: asilimia 70 kwa serikali ya taifa, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii inayoishi penye madini. Dhahabu inayouzwa kwa dalali gizani haina mrabaha, kwa hiyo ile 10 ya jamii ni 10 ya kitu kisichohesabiwa. Mvulana akielewa kwamba anauza bei ya mtu asiye na leseni, asiye na mizani yake mwenyewe na asiye na chama, huenda arudi shimoni, sikatai. Lakini atarudi akijua anaibiwa na nani, na pengine atakuwa yule anayewaandikisha wenzake ushirika.

Tumbaku ya Kuria nitaipita, ingawa mkataba ambao mnunuzi ndiye anayekukopesha mbegu na mbolea, ndiye anayepima daraja la majani na ndiye anayekata deni lake kabla ya kukulipa ungetosha somo la wiki nzima.

Isebania ina sarafu mbili katika mfuko mmoja, na mabadilishano ya fedha yanaonekana kwa macho tangu asubuhi. Julai 2025 Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wageni kufanya biashara ndogondogo za aina 15, miongoni mwazo uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu na saluni. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki imekuwapo tangu 2010. Mwanafunzi ambaye shangazi yake ana kibanda upande wa Sirari hahitaji kuambiwa kwamba biashara ya kimataifa ni mada muhimu. Anataka kujua mkataba na amri vikigongana kipi kinashinda, na nani wa kumpelekea malalamiko. Na kwa Migingo, kisiwa cha takriban nusu ekari kilichozitoa jasho serikali mbili tangu 2008, yatosha kukumbuka kwamba Rais Museveni aliwahi kusema kisiwa ni cha Kenya lakini maji ni ya Uganda. Mpeni mwanafunzi kauli hiyo na ramani, mwacheni na mada ya mipaka, hatasinzia.

Kuna jambo ambalo tunalinyamazia shuleni kwa kisingizio cha adabu. Msichana wa ufuoni anajua jaboya ni nini kabla hajajua faida ghafi ni nini. Anajua kwamba mama au dada anayetaka samaki asubuhi huweza kudaiwa mwili juu ya pesa. Mwalimu wa dini atalilaani, na ana haki. Mwalimu wa Biashara ana kazi nyingine: aulize mashua ni ya nani, nyavu ni za nani, wanunuzi wako wangapi kwa kila mashua, na kwa nini mwenye samaki anayeoza saa sita mchana bado ndiye mwenye nguvu. Kuna wanawake kando ya ziwa hili waliopata mashua zao wenyewe, na mazungumzo ya bei yakabadilika siku hiyohiyo. Huo ni mtaji. Msichana akiuelewa akiwa na miaka 16, hatautazama umaskini wa mama yake kama aibu ya familia.

Sasa siasa. Najua mnaiogopa. Juni 2024 vijana waliandamana kuupinga Mswada wa Fedha, mjini Migori na Homa Bay pia. Tarehe 25 bunge likavamiwa, na siku iliyofuata Rais akakataa kuutia sahihi. Walimu wengi walifunga mdomo darasani. Mwaka mmoja baadaye mwalimu Albert Ojwang, kijana wa Homa Bay, alikamatwa nyumbani kwao kwa sababu ya maandishi ya mtandaoni, akafia mikononi mwa polisi Nairobi. Sitawaambia hofu yenu haina msingi.

Lakini hapo penye hofu pana somo ambalo halihitaji mwalimu kuunga mkono upande wowote. Mswada ulipoanguka, mapato yaliyokuwa yamepangwa yalipungua, na mgao wa kaunti zote 47 ukashushwa kutoka shilingi bilioni 400 hadi 387. Kwa hiyo kijana aliyeandamana Migori aliokoa pesa mfukoni mwake na akapunguza pesa za zahanati ya wadi yake, kwa hatua ileile. Alifanya vyema? Alikosea? Je, palikuwa na matumizi mengine ya kukatwa kabla ya kuigusa kaunti? Ni maswali ya watu wazima, na vijana wa miaka 16 wanayaweza kabisa wakipewa takwimu. Agosti 2024 Hazina ya Taifa ikakabidhiwa John Mbadi, mhasibu, aliyekuwa mbunge wa Suba Kusini. Anasoma bajeti ya zaidi ya shilingi trilioni 4 kila Juni, kwa lafudhi ambayo mtoto wa Magunga anaitambua. Shule gani ya Suba iliwahi kuwasha redio darasani siku hiyo?

Na wapo waliobaki wa 8-4-4. Darasa la mwisho litafanya mtihani wa KCSE mwaka 2027. Katika Kidato cha Nne watasoma ugatuzi na mapato na matumizi ya umma, na wengi wao watakuwa wametimiza miaka 18 kabla ya uchaguzi wa tarehe 10 Agosti mwaka huo. Watapiga kura katikati ya silabasi. Kama watakuwa hawajawahi kushika kitabu cha bajeti ya kaunti, watamchagua mwakilishi wadi kwa fulana.

Kitabu hicho si siri. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 imeweka tarehe: mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Tazameni tarehe hizo: Februari ni muhula wa kwanza, mwisho wa Aprili ni muhula wa pili unafunguka, Septemba ni wa tatu. Mwalimu ana hati moja mpya kila muhula bila kuitafuta mbali. Elimu ya sekondari si jukumu la gavana, hilo tunalielewa. Lakini Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inazidai kaunti zitoe elimu ya uraia. Basi waandikieni Homa Bay na Migori barua ya kuomba nakala. Mwalikeni mwakilishi wadi aje darasani na bajeti mkononi aeleze mradi mmoja tu wa wadi yake: ulitengewa ngapi, umetumia ngapi, umefika wapi. Aje bila basari na bila mandazi. Kama hatakuja, kutokuja kwake ni data.

Nina ombi gumu zaidi, na ndilo litakalonipunguzia marafiki. Taasisi ya umma iliyo karibu zaidi na mwanafunzi ni shule yake. Ina mapato, ina madeni, ina zabuni ya maharagwe, ina bodi iliyoundwa kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Waonyesheni wanafunzi wa Biashara hesabu zake. Sisemi mishahara ya watu wala majina ya wanaodaiwa karo. Nasema jumla: kilichoingia, kilichotoka, bei ya gunia la mahindi tulilonunua na bei ya gorogoro sokoni wiki hiyo. Na uchaguzi wa baraza la wanafunzi uwe uchaguzi kweli, wenye daftari, kura ya siri na matokeo yaliyobandikwa, badala ya majina yanayosomwa asubuhi gwarideni. Mwanafunzi anayeona mwalimu mkuu amebadilisha mshindi hatahitaji tena mhadhara wa utawala bora.

Kuna mtakaosema: mzazi anataka kazi, na kazi haziko katika Historia na Uraia. Ni kweli kwamba cheti cha somo hilo peke yake hakimwajiri mtu. Lakini watazameni waliomaliza katika shule zenu za kaunti na za kaunti ndogo. Wengi wanauza kitu: samaki, simu, saruji, miwa, usafiri wa boda boda. Wanaingia katika biashara hizo wakiwa wamefundishwa kuzidharau, wanakopa kwa simu bila kuhesabu riba ya mwaka, na mtaji wa duka unaliwa na matanga. Sijui ni kozi gani ya STEM itakayowatibu hao.

Jambo la Hisabati lazima nilitaje, maana ndilo linaloweza kuyabatilisha haya yote. Hisabati nzito imetengewa STEM, na nyepesi wengine. Mtoto akija Sayansi ya Jamii kwa sababu anapenda uchumi, kisha akapewa hesabu nyepesi kwa miaka mitatu, mlango wa shahada ya Uchumi chuo kikuu utakuwa mgumu kwake, kwani huko kunahitaji kalkulasi na takwimu. Msiwape waliochagua mkondo huu namba za kuwabembeleza. Aliye na nguvu, mpeni Hisabati nzito pamoja na Biashara na Jiografia, na ratiba ikiwabana, bisheni hodi kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti mpaka afungue. Wakuu wa Kanga na Rapogi, ambao wazazi huwasikiliza, wakilitaka jambo hili kwa sauti, shule ndogo zitapata pa kuegemea.

Mimi ni mstaafu na asubuhi zangu ni nyeupe. Shule yoyote kati ya Kehancha na Oyugis itakayokuwa tayari kuweka hesabu zake za mwaka mbele ya darasa la Biashara, nitakuja kukifundisha kipindi hicho bila malipo. Nauli nitajitegemea. Nitahitaji chaki, nakala moja kwa kila wanafunzi wawili, na mhasibu wa shule akae humo ndani, ajibu maswali.

Wenu katika kazi,

Mwalimu mstaafu wa Biashara na Historia,
Rongo, Migori